Bawabu na Hodi Tatu

Paukwa!

— Pakawa!

Mnajibu kama mna uji mdomoni. Hebu tena. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sasa nasikia kuna watu. Sogeeni. Wenye mihogo ya kumenya wamenye, masikio hayana kazi nyingine. Na wewe Kitwana, zima hiyo redio. Tangu asubuhi unatuambia rais wa Marekani kafanya hiki, kasaini kile, halafu unaniuliza mimi: "Shangazi, hawa si ndio waliomkataa mfalme? Ilikuwaje basi mtu mmoja akapata nguvu zote hizi?" Mimi Marekani sijafika, mwanangu. Hata Tanga nimefika mara mbili tu. Lakini jambo kama hilo lina hadithi yake, na hadithi hiyo ninayo. Nisikilizeni vizuri, maana inanitia hasira tangu siku niliyoisikia.

Hapo zamani za kale palikuwa na bonde. Bonde lina maji, lina majani, lina mashimo ya kulala. Na lina Simba.

Simba huyo alikuwa mfalme. Baba yake alikuwa mfalme, na babu yake mfalme. Alikula alichotaka, alilala alipotaka. Lakini mnajua kilichowauma wanyama zaidi? Si kuliwa. Kuliwa walikuzoea. Kilichowauma ni kwamba Simba hakubisha hodi. Umekaa kwako na wanao, mnakula, mara kichwa hicho kimeingia. Puu! Hakuna hodi, hakuna salamu. Anatazama chakula chako, anatazama wanao, anachagua.

Siku moja wakasema basi. Nyati wakatoa pembe. Nungunungu wakatoa miiba. Nyuki wakatoa walichonacho. Wakapigana siku tatu, gidi gidi gidi, vumbi mpaka juu. Siku ya nne Simba akavuka kilima, mkia chini, akaenda zake.

Wakashangilia. Wakacheza. Kisha wakakaa, wakatazamana.

"Mfalme hatutaki tena!"

"Hatutaki!"

"Lakini lango nani atalishika?"

Maana walikuwa wamelizungushia bonde boma la miiba, na boma lina lango moja. Lango lifunguliwe asubuhi, lifungwe jioni. Awepo na wa kutazama nje, apige kelele akiona hatari. Basi wakakubaliana kumweka mmoja. Wasimwite mfalme, wasimwite bwana mkubwa. Wakamwita Bawabu, ili kila akiitwa akumbuke kuwa kazi yake ni mlango.

Wakachagua na wajumbe saba wakae pangoni, wakawaita Baraza. Wakaweka na mila, ile ile ya majumbani mwao, ile ile ya majumbani mwenu. Bawabu akitaka jambo lolote zaidi ya kufungua na kufunga, aende pangoni abishe hodi. Hodi ya kwanza. Hodi ya pili. Hodi ya tatu. Akiitikiwa "karibu," aingie, aseme, aulizwe, ajibiwe ndiyo au hapana. Hodi tatu zikipita kimya, arudi langoni. Si ndivyo tunavyofanya? Unakwenda kwa mtu, unabisha hodi tatu, kimya. Unaingia?

— Hatuingii!

Mnafanyaje?

— Tunarudi!

Mnarudi. Mtoto mdogo analijua hilo. Wakaongeza na jambo moja: Bawabu akiona masika mawili langoni, aondoke, aje mwingine.

Bawabu wa kwanza alikuwa Tandala. Pembe ndefu zilizojiviringa, miguu myembamba, haya nyingi. Kila jambo hodi. Tawi la boma limeanguka, huyo pangoni.

"Hodi!"

"Karibu, Tandala."

"Naomba kurudisha tawi."

"Rudisha, Tandala."

Wakamcheka. Wakasema huyu bawabu gani, hata tawi haligusi mpaka aambiwe. Masika mawili yalipokwisha akafungua lango asubuhi, akamkabidhi mwenzake, akaenda kula majani na wengine. Majani yale yale, maji yale yale. Mtoto wa pundamilia akamsukuma mtoni, Tandala akampisha. Walimwona hivyo na hawakujua wameona nini.

Baadaye akaja Ngiri. Ngiri mnamjua, mwenye haraka, mkia juu. Akaona ng'ambo ya kijito kuna majani mabichi na hakuna boma. Akawaza: nikienda pangoni watajadili mpaka majani yakauke. Akasogeza boma mwenyewe, siku mbili, akazungushia ng'ambo yote. Kisha ndipo akaenda pangoni.

"Hodi!"

"Karibu. Una nini, Ngiri?"

"Naomba ruhusa ya kusogeza boma. Nimeshalisogeza."

Wajumbe wakatazamana. Wakatoka kwenda kukagua. Majani yanafika tumboni! Wakaonja. Wakaonja tena. Na mwenye mdomo uliojaa atasemaje hapana? Wakasema, "Umeshafanya, basi." Ng'ambo ile walikuwa wanaishi pimbi, kwenye mawe yao. Pimbi walilalamika sana. Hawakuwa na mjumbe pangoni. Boma likakata njia yao ya maji, na wakubwa wakaendelea kutafuna.

Nyakati zikapita. Bawabu huyu, bawabu yule. Wengine wazuri, wengine hawana maana, wengi hata majina yao siyajui, na ninyi hamkosi kitu. Mpaka siku ya moto.

Siku hizo Bawabu alikuwa Nyati, na mmoja wa wajumbe saba alikuwa Bi Nungunungu. Huyu mkumbukeni, hadithi ni yake. Alikuwa kijana bado, amerithi kiti cha mama yake. Ana akili, ana maneno, na kusifiwa anakupenda. Ana shimo zuri chini ya kilima na mtoto mmoja wa kiume, Sindano. Akitembea, miiba inalia shaka-shaka-shaka, na wanyama wanampisha.

Mchana, jua kali. Wajumbe wameshiba, wamelala pangoni wote saba. Kobe kaingiza kichwa, Kanga kajifunika bawa, Bi Nungunungu anakoroma, kroo, kroo. Moto ukashuka kilimani. Nyati akaona moshi, akaja mbio.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi! Moto!"

Kimya.

"Hodi jamani! Bonde linaungua!"

Kroo. Kroo.

Mila inasema arudi. Nyati akasimama pale mlangoni, akatazama pango, akatazama moto. Kisha akaivunja mila. Akapasua boma kwa pembe upande wa mto, akawatoa wanyama wote, akarudi kuwavuta wajumbe mmoja mmoja kwa mkia. Kobe akamsukuma kwa pua kama nazi. Hakufa hata mmoja.

Moto ulipozimika, Nyati akaja pangoni mwenyewe. Kichwa chini, pua nyeusi kwa masizi. Akabisha hodi. Wakamkaribisha.

"Nimevunja mila," akasema. "Nimefanya jambo bila kuitikiwa. Niadhibuni, kisha tuendelee."

Hapo ndipo palipoharibika. Maana ukitaka kumwadhibu Nyati, lazima uulize: ilikuwaje hakuitikiwa? Na ukiuliza hivyo, bonde zima litajua Baraza lilikuwa linakoroma. Wajumbe wakawa wanatazama kucha zao. Bi Nungunungu akasimama. Shaka-shaka-shaka.

"Wenzangu, Nyati hajavunja kitu. Sisi hatukulala. Tulinyamaza. Na mwenye nyumba akinyamaza, maana yake ameridhia. Basi tangu leo iwe hivyo: hodi tatu, kimya, ni ndiyo."

"Ehee!" wakasema wenzake. Mzigo umewashuka.

"Kwa mambo ya moto tu," akasema Kobe.

"Kwa mambo ya moto tu," wakaitikia.

Nyati akainua kichwa. "Msinipe hiyo, jamani. Nimeomba adhabu, mnanipa zawadi. Mimi masika yajayo naondoka. Ajaye mnamjua?"

"Nyati, na wewe una maringo ya unyonge," akasema Bi Nungunungu. Wakacheka. Wakapitisha. Wakampa na mbwa mwitu wanne wa kumsaidia kutazama moto. Walipotoka nje, bonde zima likampigia Bi Nungunungu vigelegele kwa busara yake. Alifurahi sana, na siku ile alikwenda nyumbani akimwimbia mwanawe.

Nyati akaondoka, kama alivyosema. Ile sheria ya kimya ikabaki langoni.

Mabawabu waliofuata wakaikuta. Ukame ukaja, Bawabu akasema ukame ni ndugu wa moto. Hodi tatu, kimya, ndiyo. Panya wakaongezeka, Bawabu akasema panya hubeba nyasi kavu, na nyasi kavu ni moto. Kimya, ndiyo. Mbwa mwitu wanne wakawa wanane. Wanane wakawa ishirini. Kila kitu kikawa moto, hata mafua.

Na Baraza je? Baraza likagundua kwamba kunyamaza kuna raha. Ukisema ndiyo, jambo likiharibika utalaumiwa. Ukisema hapana, watu wakaumia, utalaumiwa. Ukinyamaza? Likienda vizuri: "Tulimwachia kwa hekima." Likienda vibaya: "Sisi tulisema ndiyo? Nani alitusikia?" Wajumbe wakanenepa. Ninawajua watu wa namna hiyo, hata hapa wapo, wasinitazame.

Akaja Bawabu Kongoni. Nyani wa ng'ambo ya kilima wakaangusha jiwe karibu na lango. Kongoni akaja pangoni.

"Hodi! Nyani wametuchokoza. Nataka kuwapeleka vijana wakawapige."

Safari hii hawakulala, sikieni. Wako macho wote saba. Kobe kaingiza kichwa kwa makusudi. Kanga, ambaye hajanyamaza tangu atoke kwenye yai, katiwa jani mdomoni. Bi Nungunungu ameikumbatia miiba yake isilie.

"Hodi!"

Kanga akataka kukohoa. Bi Nungunungu akamfinya.

"Hodi ya tatu!"

Kimya.

"Wameridhia," akasema Kongoni, akaondoka.

Vijana sitini wakapangwa mstari. Sindano naye. Kabla hajaondoka akapita shimoni kumuaga mama yake. Mkewe alikuwa mjamzito, karibu kujifungua.

"Mama, mmekubali twende?"

Bi Nungunungu akamnyoosha mwiba mmoja uliopinda mgongoni.

"Baraza halijakataa," akasema.

Vita ikala masika mazima. Wakarudi ishirini. Sindano hakurudi. Walileta miiba yake mitano imefungwa kwa jani la ukindu. Mkewe naye hakupona uzazi. Wakabaki watoto watatu wachanga, miiba yao laini kama manyoya, na bibi yao.

Bi Nungunungu akaenda langoni na ile miiba mitano. Akamkuta Kongoni peke yake.

"Nani alisema ndiyo mwanangu aende?"

Kongoni hakuwa katili. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilibisha hodi tatu, Bi Nungunungu. Nilisimama pale mlangoni. Niliwasikia mnapumua."

Bi Nungunungu akaikumbatia ile miiba mitano. Akageuka, akarudi kwa watoto.

Hapo angeirudisha mila. Kila nikifika hapa mimi humwambia: irudishe, mama, irudishe leo, kiti unacho, mdomo unao! Na kweli alitaka. Alifika mpaka pangoni. Lakini wakati huo bonde lilikuwa limegawanyika. Kulikuwa na walala-mashimoni na walala-majanini, na hawapendani hata kwa salamu. Na Bawabu aliyekuwa anaingia alikuwa Muhanga, wa mashimoni, wa upande wake.

Kobe akamuuliza, "Si ulisema tuifute?"

"Tutaifuta," akasema Bi Nungunungu. "Lakini Nyati aliitumia, Kongoni aliitumia, wote wa majanini. Leo amepata wetu, ndiyo tumfunge mikono? Acha naye aonje."

Muhanga alionja. Pua ndefu, kucha kama majembe, mchapakazi. Siku ya kwanza tu hakufungua lango, aliwapa kazi hiyo mbwa mwitu, nao sasa ni arobaini. Akataka aitwe Mtukufu Bawabu. Pangoni hakwenda tena. Alimtuma mbwa mwitu mmoja, akifika anasema kwa pumzi moja, "Hodihodihodi!" na keshageuka. Hata kama ulitaka kuitikia, ungeitikia saa ngapi? Wajumbe nao wakaacha kwenda. Waende pangoni kunyamaza, wakati kunyamaza wanaweza wakiwa nyumbani?

Hodihodihodi ya kwanza ilikuwa ya kivuli. Kando ya maji palikuwa na kivuli kizuri, na swala walipumzika hapo tangu enzi. Muhanga akasema watoke, waende mchangani. Mbwa mwitu wakawatoa. Kijana mmoja wa swala akavunjika mguu. Ulipounga ukaunga vibaya, akawa anachechemea. Akajikokota mpaka kwa Bi Nungunungu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Bibi, mmetufukuzia nini?"

"Sisi hatujamfukuza mtu."

"Mmeridhia."

"Umenisikia nikiridhia?"

Swala akaegemea mguu mzima. Kisha akasema, "Nakuomba neno moja tu. Nenda pangoni useme hapana. Neno moja, bibi."

Bi Nungunungu akatazama pembeni. Muhanga ni wa upande wake. Na kule kivulini sasa kulikuwa na nafasi, wajukuu zake wameanza kucheza huko, wamependeza.

"Vumilia, mwanangu," akasema. "Mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu zenyewe ziko kivulini, bibi," akasema Swala. Akaondoka, mguu mmoja unaburuta.

Haukupita mwezi. Muhanga akapanda kichuguu akatangaza. "Mashimo ya bonde hili nani aliyachimba? Babu zangu! Nungunungu hachimbi, anahamia. Ngiri hachimbi, anahamia. Basi mashimo yote ni ya Bawabu, na mbwa mwitu wangu hawana pa kulala." Hodihodihodi, pangoni hamna mtu, imepita.

Bi Nungunungu hakusikia habari hiyo. Alikuwa shimoni, anawalisha wajukuu mizizi. Mchana ule ule akasikia vishindo nje, tipu tipu tipu. Miguu mingi. Kisha sauti.

"Hodi!"

Akawakumbatia watoto wote watatu. Kwa tundu la mlango aliona masikio ya mbwa mwitu, mengi.

"Nyamazeni," akanong'ona. "Tukinyamaza watadhani hatupo. Watarudi."

Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na mama yake. Nyumba ikiwa kimya, mgeni anarudi. Alikuwa na hofu, na mwenye hofu hukimbilia alichofundishwa utotoni.

"Hodi!"

Mjukuu mdogo kabisa akainua kichwa. "Bibi, tuwaambie hapana?"

"Shh."

"Hodi!"

Kimya.

Nje mbwa mwitu mmoja akasema, kwa sauti ya mtu aliye kazini tu, "Tatu. Wameridhia."

Wakaingia.

Alipigana. Mbwa mwitu wawili walitoka wanalia, miiba imejaa puani. Lakini wao ni arobaini na yeye ni bibi mmoja. Wakamtupa nje, na watoto, wakawapeleka mchangani jua la saa nane. Majirani walimwona? Walimwona. Walisema nini? Mnajua walichosema.

Nungunungu ni mnyama wa shimoni. Ngozi ya mtoto wake haijui jua. Siku ya tatu mjukuu mdogo kabisa akafa, yule yule aliyeuliza kama waseme hapana. Bi Nungunungu akafukua mchanga kwa kucha zake mwenyewe, yeye aliyeambiwa hachimbi, akamzika.

Kisha akanyanyuka. Akawakusanya wajumbe nyumba kwa nyumba, akawaburuta mpaka pangoni. Miiba imebaki michache, hailii tena. Mlangoni kasimama mbwa mwitu.

"Leo nasema," akasema Bi Nungunungu. "Nimenyamaza kwa moto, mkanisifu. Nimenyamaza kwa nyani, nikamzika mwanangu bila mwili. Nimenyamaza kwa swala. Sasa nasema hapana! Ile sheria niliileta mimi, na mimi naifuta. Anayepinga aseme!"

Kobe akaingiza kichwa. Kanga, hakuna aliyemtia jani, akafunga mdomo mwenyewe. Wote wana nyumba. Wote wana watoto.

"Mmenyamaza!" akapiga kelele Bi Nungunungu. "Basi mmeridhia! Imefutwa!"

Yule mbwa mwitu mlangoni akacheka mpaka akakaa chini.

"Bibi," akasema akifuta machozi, "kimya ni ndiyo kwa Bawabu. Kwako wewe kimya ni kimya tu."

Mnacheka? Chekeni. Wenzake hawakucheka, walitoka mmoja mmoja, wakipita mbali naye wasije wakaonekana pamoja.

Sasa naona mnataka kuniuliza: Muhanga aliondoka? Aliondoka. Masika mawili yalikwisha, wanyama wakasema huyu basi, na hata wa mashimoni walisema basi. Wakatafuta mpole. Mwenye huruma, aliyeonja uchungu, asiyeweza kumwonea mtu. Wakampata. Alikuwa ni Swala, yule anayechechemea.

Bonde lilishangilia siku hiyo! Ngoma, vumbi, vigelegele. Na Bi Nungunungu alishangilia kuliko wote. Akawashika mikono wajukuu wawili waliobaki, akaenda langoni. Mbwa mwitu arobaini wamesimama, safu mbili.

"Hodi, mwanangu."

"Karibu, bibi. Shikamoo. Mpisheni bibi akae." Swala akanyanyuka mwenyewe, akampa nafasi kivulini.

Bi Nungunungu akakaa. Machozi yanamlengalenga.

"Nilikukosea," akasema. "Uliniomba neno moja nikakunyima. Nimelipia. Sasa nakuomba mimi. Rudisha mila. Hodi tatu, kimya, Bawabu arudi. Wewe unajua kwa nini. Mguu wako unajua."

"Najua, bibi." Swala akatazama bonde lote. "Nami nitairudisha. Lakini tazama Muhanga alivyoliacha bonde. Kuna waliofukuzwa niwarudishe. Kuna njia ya pimbi niifungue. Kuna mchanga niupande majani. Nikianza kubisha hodi na kungoja Kobe atoe kichwa, haya nitayafanya lini? Ni mambo mema, bibi. Huoni ni mambo mema?"

"Naona."

"Basi niache niyafanye. Nikimaliza nitairudisha."

Bi Nungunungu akawavuta wajukuu karibu. "Na shimo langu?"

"Wanalala walinzi." Swala akashusha sauti, kwa huruma, kwa huruma kabisa. "Nikiwatoa leo wataniachia lango, na nitafanya kazi na nani? Subiri kidogo."

Akawapa wajukuu maji ya kunywa. Akamwuliza mkubwa anaitwa nani, akamshika kichwa. Kisha akawaagiza mbwa mwitu wamsindikize bibi asipate taabu njiani. Wakamsindikiza, ishirini mbele, ishirini nyuma, mpaka mchangani.

Na Bi Nungunungu, mwenye akili, mwenye maneno, alisema nini? Alisema, "Ahsante, mwanangu."

Funzo mnalitaka, nitalisema wazi nisije nikasingiziwa. Usimpe mwema nguvu kwa kuwa ni mwema. Mwema ataondoka na nguvu itabaki. Mwovu ataikuta, ataitumia. Na mwema atakayekuja baada yake hataiacha, kwa sababu naye ana kazi zake nzuri za kufanya. Na wewe uliyewekwa uitikie, itikia. Kama ni ndiyo, sema ndiyo ulaumiwe. Kama ni hapana, sema hapana ulaumiwe. Lawama haiui mtoto wa mtu.

Hadithi yangu imeishia hapo, na makofi sitaki.